Mitaro Iliyopita Juu ya Mapaa: Uchambuzi wa Kisa cha Mafaili ya Ramani ya Kata Moja Dar es Salaam

Bonde la Mto Msimbazi hufurika mara kwa mara mvua kubwa zinaponyesha Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake wakazi wengi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, yaliwafanya watu wengi wakubali kwamba mitaro ya jiji haiwezi kupangwa bila ramani ya kuaminika. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora kata yao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaieneza kazi hiyo katika kata nyingi zinazokumbwa na mafuriko. Kwa hiyo data zipo. Kisa ninachokichambua hapa hakikutokana na uhaba wa data, bali kilitokana na namna data hizo zilivyohifadhiwa kwenye mafaili na jinsi mafaili yenyewe yalivyopitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kata, ofisi na watu waliohusika sitawataja. Walikuwa wakifanya kazi yao kwa nia njema, na mambo yaliyowakuta huwakuta wengine katika halmashauri na vyuo vingi.

Pande tatu zilihusika. Ofisi ya mhandisi ilikuwa na tabaka la mitaro, yaani sehemu ya ramani ya kidijitali yenye mitaro peke yake, lililochorwa kutokana na michoro ya usanifu ya zamani. Kikundi cha vijana wa kata, wengi wao wanafunzi, kilikuwa kimepita mtaa kwa mtaa na simu zao, kikipima upana na kina cha kila mtaro na kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi mvua za mwisho zilipopiga. Upande wa tatu ulikuwa shirika lililotakiwa kuunganisha kazi hizo mbili na kutoa ramani moja kabla ya masika, ili wajumbe wa mashina na kamati ya maafa ya kata wajue ni mitaro ipi isafishwe kwanza. Wote walikubaliana kutumia Shapefile, muundo wa kuhifadhi data za ramani, kwa kuwa ndiyo kila mmoja aliyoijua, na mafaili yakatumwa kwa ujumbe wa simu, moja baada ya jingine.

Ramani ilipounganishwa ilionyesha mambo yasiyowezekana. Mitaro ya ofisi ilipita juu ya mapaa ya nyumba na kukatiza uwanja wa shule. Mitaro iliyojulikana kuwa mirefu kwenda chini ilionekana mifupi, na baadhi ya ile iliyojulikana kuwa mifupi ikaonekana yenye kina cha mita moja na zaidi. Mingine kadhaa ilikuwa na kina cha sifuri, kana kwamba imefukiwa kabisa. Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa kwamba vijana walipima vibaya. Vipimo vyao vilikuwa sahihi, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu.

Shapefile, licha ya jina lake la umoja, si faili moja. Ilibuniwa na kampuni ya Esri ya California mwanzoni mwa miaka ya 1990, na maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa hadharani Julai 1998. Uamuzi huo wa kuyaweka wazi ndio uliowezesha karibu kila programu ya ramani duniani kuisoma, na ni haki kuitambua faida hiyo kabla ya kuzitaja kasoro. Maumbo yenyewe, yaani nukta, mistari na poligoni, hukaa kwenye faili lenye kiambishi .shp, faharasa inayoonyesha kila umbo linaanzia wapi hukaa kwenye.shx, na jedwali la sifa hukaa kwenye.dbf, muundo uliorithiwa kutoka programu ya hifadhidata ya dBASE iliyotamba miaka ya 1980. Hayo matatu ni ya lazima. Faili la nne, .prj, ndilo linaloeleza kodineti zilizomo zimepimwa kwa mfumo gani wa rejea, yaani kanuni inayofunganisha namba hizo na mahali halisi duniani, na kwa mujibu wa muundo wenyewe faili hilo si la lazima. Mtu anaweza kutuma Shapefile iliyokamilika kisheria bila kusema iko wapi juu ya uso wa dunia.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Aliyetuma kutoka ofisini alituma mafaili matatu, la nne akaliacha, pengine kwa kuwa ni dogo na jina lake halimwambii mtu chochote. Programu ya ramani upande wa pili iliyafungua bila kulalamika, ikaweka alama ya kuuliza pembeni mwa jina la tabaka, na kumwachia mtumiaji achague mfumo wa rejea. Yeye akachagua anaoutumia kila siku.

Hapa ni lazima tukae kidogo. Tanzania Bara imegawanywa katika kanda tatu za UTM, mfumo wa kodineti unaoikata dunia vipande vya wima; kanda hizo ni 35, 36 na 37 kusini, na Dar es Salaam iko katika ukanda wa 37. Kodineti zake huandikwa kwa mita: sehemu ya katikati ya jiji huwa na namba za karibu 531,000 kuelekea mashariki na 9,246,000 kuelekea kaskazini. Ugumu ni kwamba namba za aina hiyo zinaweza kuwa za mifumo miwili tofauti. Ramani za zamani za Afrika Mashariki, zikiwemo zile za kipimo cha 1:50,000, zilitumia rejea inayoitwa Arc 1960, inayotegemea duaradufu ya Clarke ya 1880, yaani makadirio ya umbo la dunia ya wakati huo. Simu, vipokezi vya setilaiti na OpenStreetMap hutumia WGS 84. Zote mbili zinaweza kuandikwa katika ukanda wa 37 kusini, ya kwanza ikiwa na namba ya utambulisho 21037 na ya pili 32737 katika EPSG, orodha ya kimataifa inayoipa kila mfumo wa rejea namba yake, na kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha, kwa sababu namba hufanana mpaka tarakimu ya elfu.

Tofauti huonekana ardhini. Ukiichukua nukta ya Dar es Salaam iliyoandikwa kwa Arc 1960 na kuisoma kana kwamba ni ya WGS 84, nukta hiyo itaangukia karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi ya mahali pake pa kweli. Mita 300 katika kata iliyobanana ni mtaa mzima. Mtaro wa mtaa mmoja huhamia mtaa mwingine, ukiwa na umbo lake lilelile, urefu wake uleule na mikunjo yake yote, na ndiyo maana kosa hili hudanganya: hakuna kilichoharibika kinachoonekana.

Mmoja wa watu waliolipokea tabaka hilo alijaribu kulisogeza lote kwa kipanya mpaka mitaro ikakaa kandokando ya barabara. Naielewa haraka yake, lakini hicho ndicho kitendo kilichogharimu muda zaidi kuliko vyote. Tabaka lililosogezwa kwa mkono haliko tena kwenye Arc 1960 wala kwenye WGS 84; halina mfumo, na hakuna fomula itakayolirudisha. Bahati nakala ya awali ilikuwa imebaki kwenye ujumbe wa simu. Kwa nakala hiyo zilichaguliwa kalvati zinazoonekana wazi kwenye picha ya anga, umbali kati ya mahali zilipochorwa na mahali zilipo ukapimwa, na kila moja ikawa imehama kuelekea upande uleule kwa kiasi kilekile. Kuhama kwa namna moja kila mahali ni dalili ya rejea iliyokosewa, ilhali makosa ya upimaji hutawanyika huku na huku.

Kubadilisha kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 ni kazi ya sekunde chache kwa programu kama QGIS, lakini nayo ina sharti lake. Viwango vya ubadilishaji vilivyochapishwa ni zaidi ya kimoja: kimoja ni cha wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja, kingine ni cha Tanzania peke yake, na vinatofautiana. Hata hicho cha Tanzania, chenye namba 175, 23 na 303 kwa mita katika mihimili mitatu, zote zikiwa hasi, kimechapishwa kikiwa na mashaka ya mita 6 hadi 10 kwa kila mhimili. Kwa ramani ya mkoa hiyo ni sawa kabisa. Kwa mtaro wenye upana wa nusu mita, unaopita kati ya kuta mbili za majirani, haitoshi, na tabaka likishabadilishwa ni lazima lihakikiwe kwa nukta zilizopimwa ardhini.

Jambo la pili lilihusu majina ya safu, na hili linawagusa kwa namna ya pekee wanaoandika data zao kwa Kiswahili. Jedwali la .dbf haliruhusu jina la safu kuzidi herufi kumi. Vijana walikuwa wameandika majina yanayoeleweka na mtu yeyote: kina_cha_mtaro kwa kipimo cha mtaro wenyewe, na kina_cha_maji kwa kimo ambacho maji yalifikia kwa maelezo ya wenyeji. Zihesabiwe herufi kumi za mwanzo, pamoja na vistari vya chini, na majina yote mawili hubaki kina_cha_m. Programu haiwezi kuwa na safu mbili zenye jina moja, kwa hiyo ya kwanza ikaitwa kina_cha_m na ya pili ikapewa jina kina_cha_1. Aliyepokea hakuwa na njia ya kujua ipi ni ipi, akakisia, na akakisia kinyume.

Lugha yetu huweka kiunganishi katikati ya kitu na mwenye kitu, na viunganishi hivyo, pamoja na vistari vyake, hula nafasi kabla ya neno linalobeba maana kufika. Upana_wa_mtaro na upana_wa_mto huishia mahali pamoja. Idadi_ya_watu na idadi_ya_wagonjwa hali kadhalika. Kwa hiyo anayelazimika kutumia Shapefile ayafupishe majina yeye mwenyewe kabla programu haijayafupisha: kina_mtaro ni herufi kumi kamili, kina_maji ni tisa, na hakuna kilichopotea.

La tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu lingeweza kuelekeza majembe mahali pasipostahili. Baadhi ya mitaro vijana hawakuweza kuipima, aidha kwa kuwa ilifunikwa na zege au kwa kuwa ilikuwa ndani ya uwanja wa mtu. Kwenye fomu zao waliacha nafasi hiyo wazi, na wazi maana yake ni kwamba haijulikani. Muundo wa Shapefile hauna njia madhubuti ya kuhifadhi namba isiyojulikana, na baadhi ya programu, zinapohamisha data kwenda muundo huo, huijaza nafasi iliyo wazi kwa sifuri. Mtaro ambao kina chake hakijulikani ukageuka mtaro usio na kina. Katika ramani ya mafuriko hizo ni taarifa mbili zilizo mbali mno, maana moja inamwambia mhandisi atume mtu akaangalie, na nyingine inamwambia atume watu wakafukue.

Kulikuwa na madogo mengine. Majina ya mitaa yenye ng' yalifika na alama za ajabu mahali pa kiapostrofi, kwa kuwa simu huandika kiapostrofi kilichopinda na faili halikueleza herufi zake zimesimbwa kwa mfumo gani. Faili dogo la.cpg lingelimaliza hilo. Picha ya droni nayo ilitumwa kama picha ya kawaida badala ya GeoTIFF, muundo unaobeba kodineti ndani yake, kwa hiyo ikafika ikiwa nzuri kuitazama na haina mahali.

Baada ya chanzo kujulikana, uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuifanya Shapefile kuwa ghala la kazi. Data zote zilikusanywa upya kutoka fomu za awali na kuwekwa kwenye GeoPackage, muundo uliopitishwa na jumuiya ya viwango ya OGC mwaka 2014 na unaojengwa juu ya hifadhidata ya SQLite. Nitasema wazi kwamba kwa kazi ya aina hii sioni sababu ya kuchagua kitu kingine. Ni faili moja tu lenye kiambishi .gpkg. Ndani yake hukaa matabaka mengi kwa pamoja, yaani mitaro, majengo, kalvati na mipaka ya mitaa, na kila tabaka hutaja mfumo wake wa rejea ndani ya faili lenyewe, hivyo hakuna kipande kidogo kinachoweza kusahauliwa njiani. Majina ya safu yanaweza kuwa marefu, herufi husimbwa kwa njia moja inayojulikana, na nafasi iliyo wazi hubaki wazi. QGIS imeufanya kuwa muundo wake wa kawaida tangu toleo la 3 lililotoka mwaka 2018, na programu hiyo haina malipo.

Tahadhari yake moja haitajwi vya kutosha. Faili la GeoPackage likiwa limefunguliwa, programu huweza kuunda kando yake mafaili mengine mawili yanayoishia na -wal na -shm, na mabadiliko ya karibuni yanaweza kuwa bado yamo humo. Anayelinakili la .gpkg kwenye flashi huku programu ikiendelea kulitumia anaweza kuondoka na kazi ya jana. Kwanza ifungwe programu, ndipo faili linakiliwe.

Kutoka kwenye ghala hilo moja, kila mhusika alitolewa nakala inayomfaa. Mwenyekiti wa mtaa alipewa KML, muundo uliotokana na kampuni ya Keyhole iliyonunuliwa na Google mwaka 2004 na uliofanywa kiwango cha OGC mwaka 2008, kwa sababu hufunguka kwenye Google Earth hata kwa simu, na yeye alihitaji kuona, si kuhariri. Ramani ya mtandaoni ilipewa GeoJSON, muundo wa maandishi unaosomwa kwa urahisi na tovuti. Ofisi ya mhandisi iliendelea kupokea Shapefile kwa ajili ya programu yake ya zamani, lakini safari hii mafaili yote yalifungwa pamoja kwenye zipu moja, .prj na .cpg yakiwemo, majina ya safu yakiwa yamefupishwa kwa mkono, na safu mpya iitwayo kimepimwa ikieleza kwa ndiyo au hapana kama kina kilipatikana kwa kipimo. Wengine hupenda kuandika -9999 mahali pa kipimo kinachokosekana. Siishauri njia hiyo, kwa sababu siku moja mtu atatafuta wastani wa safu nzima bila kujua.

GeoJSON ilileta swali lake dogo. Kiwango chake cha sasa, RFC 7946 cha Agosti 2016, kinataka kodineti ziwe za WGS 84 kwa digrii, longitudo ikitangulia latitudo. Mazoea ya wengi ni kuanza na latitudo, kama tunavyosoma kwenye simu. Jaribio la kwanza liliandikwa kwa mazoea hayo, na mitaro yote ya Msimbazi ikahamia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, ambako ndiko hasa mtu hufika akigeuza 39.28 na -6.82. Kosa kubwa kiasi hicho ni afadhali kuliko lile la mita 300, kwa kuwa hakuna anayeweza kuliamini hata kwa dakika moja. Wakati wa kurekebisha, tarakimu baada ya nukta zilipunguzwa hadi sita, ambazo hutosha kwa usahihi wa takriban sentimita 11, na faili likawa jepesi kwa wenye intaneti ya kubahatisha.

Suala la kurudisha data kwenye OpenStreetMap lilihitaji subira zaidi. Vipimo vya vijana vilikuwa vyao na waliridhia kuvitoa. Tabaka la ofisi lilikuwa jambo jingine: OpenStreetMap hutolewa kwa ODbL, leseni ya hifadhidata huria, na huwezi kuingiza humo data za mwingine bila idhini yake, hata kama nia ni njema na faili liko mikononi mwako. Muundo wa faili hauelezi nani ana haki ya kulisambaza, na katika kifurushi kile hakukuwa na mstari hata mmoja wa maandishi unaoeleza michoro ilitoka wapi, ilichorwa lini na kwa rejea gani. Siku hizi kila zipu inayotoka kwa kikundi hicho huwa na faili la maandishi ya kawaida lenye mambo hayo, pamoja na maana ya kila safu kwa sentensi nzima.

Tabaka la ofisi liliposomwa upya kwa Arc 1960 na kubadilishwa, karibu kalvati zote ziliangukia mahali pake, zikabaki mbili tu zisizolingana na picha ya anga. Vijana wawili walikwenda huko wakiongozana na mjumbe wa shina. Ya kwanza ilikuwa imejengwa upya upande wa pili wa barabara baada ya michoro kukamilika, kwa hiyo ramani ya zamani haikuwa na kosa ila ilikuwa imepitwa na wakati. Ya pili ilikuwa palepale ilipochorwa, imejaa mchanga na taka mpaka juu, ndiyo maana haikuonekana kutoka angani. Kwenye GeoPackage mtaro wake uliandikiwa kina cha sifuri, safu ya kimepimwa ikasomeka ndiyo, tarehe ya kipimo ikawekwa, na ukapangwa wa kwanza kwenye orodha ya kusafishwa.